TUSIUONEE HAYA ULEZI WETU

Ndugu msomaji, nenda katika mkutano wowote wa habari za kilimo katika miji yetu, utazame meza ya chai. Utakuta mkate wa ngano, maandazi ya ngano, sambusa za ngano na biskuti za ngano. Ngano hiyo kwa sehemu kubwa imevuka bahari kuja kwetu. Msemaji anasimama, anajifuta makombo mdomoni, kisha anawahimiza wakulima wapende vitu vya kwao. Wakulima wanapiga makofi, nao pia wanajifuta makombo. Hakuna anayecheka. Jambo lililozoeleka halionekani tena kuwa kichekesho.

Leo gazeti hili lataka kusema juu ya nafaka moja ambayo haikupata nafasi juu ya meza ile. Nayo ni ulezi. Wengine wetu huuita wimbi. Uchagani huitwa mbege, kwa Waluo ni kal, kwa Wanyankole ni oburo, kwa Wabemba wa Zambia ni male, na huko Ethiopia ni dagusa. Majina ni mengi kwa sababu wenyewe ni wengi. Kitu chenye majina yake katika lugha nyingi namna hii si kitu kilicholetwa jana kwa meli.

Tena Kiswahili kinatupa jambo la kutafakari. Ulezi ni nafaka, na ulezi ni kazi ya kulea mtoto. Hatusemi kwamba neno moja limezaa jingine. Hilo twawaachia mabingwa wa lugha. Lakini mama aliyemkuza mwanawe kwa uji wa ulezi hahitaji bingwa wa kumweleza kwa nini maneno hayo mawili yanakaa vizuri katika kinywa kimoja.

Tuanze na asili, maana mtu asiyeijua mali yake hawezi kuidai. Mabingwa wa mimea wanatuambia kwamba ulezi ulitokana na majani ya mwituni ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia mpaka Uganda. Majani hayo yangalipo hata leo, na mkulima huyang'oa kila msimu kwa taabu kubwa kwa sababu yanafanana mno na ulezi wenyewe. Maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya mfalme yeyote tunayemjua kwa jina, watu wa nyanda hizo waliyatazama majani yale, wakachagua masuke yasiyomwaga punje zake ovyo, wakayahifadhi, wakayapanda, wakachagua tena. Kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja katika maabara. Ilifanywa na mikono mingi, kizazi baada ya kizazi, hadi jani la mwituni likawa chakula cha binadamu. Na suke lenyewe limeumbika kama mkono: vidole vitano au zaidi vilivyojikunja, vimefumbata punje.

Kisha ulezi ukasafiri. Ulivuka bahari ukafika Bara Hindi tangu zama za kale, na leo nchi inayolima ulezi mwingi kuliko zote duniani ni India. Wao huuita ragi. Katika jimbo la Karnataka watu humimina unga wa ragi katika maji yanayochemka, wakausonga kwa mti, wakaufinyanga kuwa donge kubwa la mviringo, wakala kwa mchuzi. Ndugu msomaji, huo ni ugali. Hakuna namna nyingine ya kuueleza. Wapo watu waliofundishwa kudhani kwamba Afrika tangu mwanzo wa dunia imekuwa ikinyosha mkono kupokea. Ulezi ni shahidi dhidi yao. Katika jambo hili Mwafrika ndiye aliyetoa, na mamilioni ya watu wa Asia wameshiba kwa kazi ya mikono yake.

Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka ndogondogo, yaani ulezi, uwele, mtama na jamaa zake. Pendekezo hilo lilitoka India. Twawapongeza Wahindi kwa kuheshimu chakula chao. Lakini yatupasa kujiuliza, tena bila hasira: kwa nini halikutoka kwetu, sisi tulio wenye asili? Jibu halipendezi. Ni vigumu mtu kwenda mbele ya mataifa kusifu chakula ambacho nyumbani kwake anakificha mgeni akibisha hodi.

Sasa tuseme habari za mgeni. Mahindi asili yake ni bara la Amerika. Yalifika katika pwani yetu baada ya Wareno kuingia katika bahari hii mwishoni mwa karne ya 15. Kwa muda mrefu, katika sehemu nyingi za bara, yalikuwa zao la pembeni tu, kitu cha kuchoma na kutafuna wakati chakula chenyewe kinangojwa. Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mahindi yalipewa jembe. Yakalishika vizuri, na mwishowe yakachukua shamba zima.

Yalilichukuaje? Hayakulichukua kwa utamu peke yake. Serikali za kikoloni zilitaka chakula cha bei rahisi cha kuwalisha watu waliochukuliwa kufanya kazi katika reli, katika mashamba ya mkonge na katika migodi. Mahindi yalisagwa kwa mashine kwa wingi, yakapimwa, yakawa posho. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi ya Kiingereza walipewa unga wa mahindi, na wale waliorudi hai walirudi na mazoea yake. Huko Kenya walowezi walilima mahindi kwa ajili ya soko, na mwaka 1942 serikali ya huko ikaunda chombo cha kusimamia biashara ya mahindi, bei aliyolipwa mlowezi ikiwa nzuri kuliko aliyolipwa Mwafrika. Mahindi yalikuwa na mabwana wa kuyatetea, yalikuwa na reli, yalikuwa na bei iliyoandikwa. Ulezi ulikuwa na wanawake wa vijijini tu. Tena pombe yake ilitungiwa sheria na leseni, mzee aliyekaa na wenzake kuzunguka chungu akahesabiwa kuwa mhalifu.

Lakini gazeti hili halipendi kuwabebesha wakoloni kila mzigo. Tuseme haki. Mahindi yana sifa zake. Hindi limevikwa nguo na ndege halifikii upesi. Halihitaji palizi ya kupiga magoti. Hukobolewa kwa urahisi, hutoa magunia mengi pale mvua na mbolea zinapotosha, na yamewaokoa watu wengi na njaa. Mkulima aliyeyachagua hakuwa mjinga. Alipiga hesabu ya nguvu zake akaona inamlipa.

Tena yaliyofuata baada ya Uhuru tuliyafanya wenyewe. Mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya Kenya kujitawala, mbegu mpya ya mahindi iitwayo H611 ilitolewa Kitale ikawafaa wakulima wengi wa nyanda za juu. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini ulezi ulipata nini? Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilituhimiza kujitegemea, likatukumbusha kwamba kilimo ndicho msingi wa maendeleo ya nchi hii. Ila tuliposhika jembe la kujitegemea, kwa desturi tulipanda mbegu ileile tuliyoachiwa. Na katika mwaka wa 2008, Tanzania ilipoanza mpango mkubwa wa vocha za pembejeo, mbegu zilizopewa ruzuku zilikuwa za mahindi na mpunga. Mkulima wa ulezi hakuingia katika hesabu. Huyo aliyemsahau si Mwingereza. Ni sisi.

Matokeo tunayaona. Watu wetu wengi wamesimama juu ya mguu mmoja. Mvua ikikatika mwezi mmoja mahindi yakiwa yanachanua, nchi nzima inatazama mbinguni. Vita ikizuka mbali, kama ilivyozuka Ukraine mwezi wa Februari 2022, bei ya mkate inapanda katika mitaa yetu kwa ugomvi ambao hatukuuanzisha. Je, huko ndiko kujitegemea?

Sasa tutazame ulezi unatupa nini, tukiacha sifa za bure.

Jambo la kwanza ni akiba. Punje ya ulezi ni ndogo sana. Punje 1,000 zina uzito wa kama gramu mbili na nusu hivi. Fukusi wa ghalani huzaa ndani ya punje, na katika punje ndogo namna hii mtoto wake hapati nafasi ya kukua. Ndiyo maana ulezi uliokaushwa vizuri hukaa ghalani miaka mingi bila kubunguliwa. Linganisha na mahindi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdudu mgeni alionekana katika maghala ya Tabora. Wananchi walimwita dumuzi, na wengine wakamwita Scania kwa jinsi alivyosomba mali. Mdudu huyo naye alitoka Amerika, kama mahindi yenyewe. Alimfuata jamaa yake. Tangu hapo mkulima wa mahindi ananunua dawa ya ghala kila mwaka, asiponunua anabaki na unga wa wadudu. Wazee wetu walikuwa na methali, akiba haiozi. Ni watu wenye ghala la ulezi pekee wanaoweza kuitamka methali hiyo bila wasiwasi.

Tena kuna habari ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu katika nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Mwaka 2004 katika sehemu za mashariki ya Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulifika Tanzania katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hatusemi kwamba ulezi hauwezi kuota ukungu. Nafaka yoyote ikiwekwa na unyevu huharibika. Twasema kwamba nyumba yenye nafaka mbili au tatu ghalani haiko katika hatari sawa na nyumba yenye nafaka moja.

Jambo la pili ni watoto. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Na ndugu, tazama mikoa iliyotajwa miongoni mwa iliyoongoza kwa udumavu: Iringa, Njombe na Rukwa. Hayo ndiyo maghala ya taifa! Magunia yapo, na mtoto amedumaa pembeni ya gunia. Hii maana yake ni kwamba tumbo kujaa si sawa na mwili kujengwa. Zipo sababu nyingi za udumavu, pamoja na maradhi, maji machafu na mama kukosa muda wa kumlisha mtoto kwa kuwa yuko shambani tangu alfajiri. Ulezi si dawa ya hayo yote. Lakini gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za kalsiamu, yaani madini yajengayo mifupa. Maziwa ya ng'ombe ya uzito huohuo yana kama 120. Unga wa mahindi haufiki hata sehemu ya kumi ya ulezi. Ni kweli kwamba mwili hauwezi kuyachukua madini hayo yote, kwa kuwa ndani ya punje mna vitu vinavyoyashikilia. Lakini bibi zetu walikwisha kupata ufunguo: kuuotesha ulezi, au kuuchachusha.

Ufunguo huo unaitwa kimea. Ulezi hulowekwa siku moja, ukachujwa, ukafunikwa kwa gunia au majani ya mgomba siku mbili tatu mpaka uchipue. Kisha huanikwa juani, ukapikichwa kuondoa vimizizi, ukasagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito wa mtoto uliopoa kiasi cha kuvumilika mdomoni, uji ule uliosimama kama ugali hulegea mbele ya macho yako, bila tone la maji kuongezwa. Kisha unarudishwa motoni uchemke tena kwa ajili ya usalama. Maana yake ni nini? Mtoto mwenye tumbo dogo, ambaye angepewa uji mwepesi wenye maji mengi na unga kidogo, sasa anameza unga mwingi kwa urahisi uleule. Katika miaka ya 1980 mabingwa wa Taasisi ya Chakula na Lishe, chombo kilichoundwa na Tanzania mwaka 1973, walishughulika na kimea hiki wakaeleza sababu zake kwa njia ya sayansi. Elimu ya jikoni kwa bibi ilipimwa, ikaonekana kuwa elimu kweli. Basi kwa nini mama wa leo anauziwa kopo la ng'ambo akiambiwa kwamba ndiyo njia ya kisasa?

Na jikoni, ulezi si chakula cha namna moja. Tuanze na uji, ambao kila mtu anaujua. Unga hukorogwa kwanza katika maji baridi usifanye madonge, ukamiminwa katika maji yanayochemka huku mwiko hausimami. Wengine hutia maziwa, wengine karanga zilizopondwa, wengine ndimu au ukwaju. Wenye subira huuacha unga na maji katika chungu usiku kucha, asubuhi uji una ukali mtamu unaoamsha ulimi. Kigezi na Ankole, huko Uganda, hutengeneza obushera, kinywaji kinachobebwa shambani na kuwekwa mbele ya mgeni.

Kisha ugali. Ugali wa ulezi ni wa rangi ya udongo mwekundu uliokolea, laini, mzito, na tonge dogo hushikilia tumbo mpaka jioni. Kenya ya magharibi na mashariki ya Uganda huchanganya ulezi na unga wa muhogo, ukavutika vizuri kwa samaki au mboga za majani. Wakalenjin huula pamoja na maziwa ya mala ya kibuyu, mursik. Huko Ethiopia unga wa dagusa huingia katika injera.

Kusini mwa Tanzania kuna togwa. Uji wa mahindi au mtama hupoozwa ukawa wa vuguvugu, ukatiwa unga wa kimea cha ulezi, ukafunikwa. Kesho yake ni kinywaji kitamu, hakileweshi, mtoto na mzee hukinywa sawa. Tazama hapo jinsi wazee walivyokuwa na busara: hawakumfukuza mgeni, walimkalisha na mwenyeji katika chungu kimoja. Na Uchagani kuna mbege, ndizi mbivu zilizopikwa na kuchachuka zikakutana na uji wa kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewa. Bila mbege posa haijakamilika, na ugomvi wa mpaka wa kihamba haujaisha. Teso, nchini Uganda, wazee huketi kuzunguka chungu kimoja cha ajon, kila mtu na mrija wake mrefu. Sisi si wahubiri wa ulevi; mtu anayekunywa ada ya watoto wake hatumtetei, awe anakunywa ulezi au chupa ya kiwandani. Lakini watu waliokuwa wakinywa pamoja kutoka chungu kimoja walikuwa pia wakiamua mambo yao pamoja, na hilo halikumpendeza mtawala.

Hata mikate haijafungiwa mlango. Unga wa ulezi hauumuki wenyewe, maana hauna ule mnato wa ngano. Lakini ukichanganya sehemu moja ya ulezi na sehemu tatu za ngano, utapata maandazi, chapati na mkate wenye harufu nzuri. Sehemu moja katika nne si jambo kubwa. Lakini kila mwokaji akifanya hivyo, ni gunia moja katika manne ambalo halitaagizwa kutoka ng'ambo.

Twajua majibu tutakayopewa.

Wa kwanza atasema: mnataka kuturudisha nyuma. Ndugu huyo twamwuliza, Mhindi anayepeleka roketi mwezini na asubuhi anakula ragi yake, yuko nyuma ya nani? Kasumba ni kitu kibaya. Mkoloni aliondoka na bendera yake, lakini alimwachia mtu huyu kipimo cha kupimia heshima ya sahani yake, naye anakilinda kama urithi wa baba.

Wa pili atasema: ulezi ni chakula cha maskini. Huyo aende sokoni leo. Kilo ya ulezi kwa kawaida huuzwa kwa bei ya juu kuliko kilo ya mahindi. Jina ni la maskini, bei ni ya tajiri. Wenye nafasi mjini wamekwisha kusikia kwa daktari kwamba ni chakula bora, wanaununua katika pakiti zenye picha, na kabwela ambaye bibi yake aliulima hawezi tena kuufikia. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Tusipoulima kwa wingi, ulezi hautakufa. Utahamia kwenye meza za wachache.

Wa tatu anasema kweli, naye twamsikiliza kwa heshima. Huyo ni mama mkulima. Anasema: mnaosifu ulezi hamjapalilia ulezi. Anasema kweli. Mbegu ikimwagwa, ulezi na magugu yake huota pamoja kama ndugu pacha, na mtu hupiga magoti siku nzima akichambua jani kwa jani. Kiduha hunyonya mizizi. Ukungu hukausha majani, shingo na vidole vya suke. Wakati wa mavuno kila suke hukatwa kwa kisu. Kisha kupiga, kupepeta, na mchanga uliookotwa chini ambao hukwaruza meno ya mlaji. Baada ya yote hayo, mkulima wa kawaida hapati hata tani moja kwa hekta. Mtu akimwambia mama huyu apende asili yake bila kumpunguzia kazi hiyo, anamdhihaki. Hatutaki ulezi urudi juu ya mgongo wa wanawake.

Na dawa ya shida hizo ipo. Ulezi ukipandwa kwa mistari badala ya kumwagwa, palizi hufanywa kwa jembe dogo na magoti hupumzika. Zipo mbegu zilizochaguliwa na watafiti wa nchi zetu, kama U15 na P224, zinazokomaa mapema na kuzaa vizuri zaidi. Ziko mashine ndogo za kupura ambazo kikundi kimoja cha kijiji kinaweza kumiliki. Sakafu ya saruji, au hata turubai safi, huondoa mchanga. Hakuna katika hayo jambo linalotaka mkopo wa mabilioni kutoka ng'ambo. Linalotakiwa ni uamuzi.

Kwa hiyo gazeti hili linasema hivi.

Kwanza, wizara na halmashauri zihesabu ulezi katika mipango ya mbegu na ruzuku kama zinavyohesabu mahindi. Zao lisiloandikwa katika kitabu halina bwana shamba.

Pili, shule zetu zinapowapa watoto uji, ununuliwe ulezi wa wakulima wa wilaya hiyohiyo, walau ukichanganywa na mahindi. Mkulima akijua kwamba shule ya jirani itanunua magunia yake, atalima. Soko la uhakika ni hotuba nzuri kuliko hotuba zetu zote.

Tatu, mashine za kupura ziende kwa vikundi vya akina mama kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, maana mgongo uliobeba kazi ndio ustahilio kupumzishwa kwanza.

Nne, kila mwanachama mwenye shamba la mahindi atenge kipande chake, hata robo eka, kwa ajili ya ulezi. Hatusemi aache mahindi. Twasema asisimame kwa mguu mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Tano, mbegu za wazee zikusanywe. Katika vijiji vingi wapo bibi wenye masuke yaliyoning'inizwa juu ya meko, mbegu waliyopewa na mama zao. Kila bibi anapofariki bila mtu kumwuliza, mbegu hiyo huenda naye kaburini, na hakuna fedha itakayoirudisha. Vijana wa matawi waende wawaulize sasa: mbegu hii inaitwaje, hupandwa lini, hupikwaje? Waandike, na wapande.

Sita, nasi viongozi na waandishi tujianzie. Mkutano ujao wa tawi, pale kwenye meza ya chai, uwekwe uji wa ulezi. Usiwekwe pembeni kwa ajili ya wazee na wagonjwa. Uwekwe katikati, na mwenyekiti awe wa kwanza kunywa.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo kwa chama kuliandikia tahariri. Sisi hatuoni hivyo. Taifa linalongoja meli ili lile haliwezi kusema kwa sauti kubwa mbele ya mwenye meli. Ulezi pekee hautatupa sauti hiyo, lakini hakuna atakayeipata akiwa anaona haya chakula kilichomkuza.

Mvua zikikaribia, fungua ghala, tazama una mbegu gani. Kama hakuna ulezi, muulize jirani. Kama jirani hana, muulize mama yako. Uliza mapema, angali anakumbuka.